Msongo wa mawazo na hisia: tunayoyaamini na yalivyo

Dhana: Anayezijua mbinu za kutulia hana sababu ya kufoka.

Hii ndiyo inayoumiza watu zaidi. Jana umemshauri mwenzako avute pumzi kwanza, leo umepayuka kwa ajili ya kikombe kilichoachwa mezani, unajiona mnafiki. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walilipima jambo hili. Waliwajengea watu hofu ya picha za nyoka au buibui kwa kuwapiga shoti ndogo ya umeme, kisha wakawafundisha kuipunguza hofu hiyo kwa kuzitazama picha zile kwa fikra nyingine. Kesho yake baadhi walitumbukiza mkono kwenye maji ya barafu kwa dakika 3, wengine kwenye maji ya uvuguvugu. Picha ziliporudi, wa uvuguvugu waliweza kuituliza hofu. Wa barafu walishindwa, na somo walikuwa wamelipata lilelile. Dakika 3 tu!

Sababu ni kwamba mbinu hizo hutegemea sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima mambo na kutuzuia. Msongo ukipanda, kemikali za dharura kama noradrenalini huidhoofisha sehemu hiyo, na amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na vitisho, ikatamba. Ndiyo maana kumwambia mtu aliyekwisha kupandwa na jazba "hebu tulia" ni kazi bure. Afadhali mpatane mapema, wote mkiwa wazima, kwamba mambo yakichemka mmoja atatoka nje na mazungumzo yataendelea baadaye.

Dhana: Kujikaza ndiko kudhibiti hisia.

Uso hutulia, ndiyo. Moyo na mishipa ya damu haitulii, tena huweza kuzidi kuhangaika. Isitoshe, anayeshughulika kuficha hisia hukumbuka kidogo yale aliyoambiwa.

Dhana: Basi toa hasira yote, itaisha.

Haiishi. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Brad Bushman alichapisha jaribio ambalo watu walipiga mfuko wa mazoezi huku wakimfikiria aliyewaudhi. Walimaliza wakiwa na hasira kuliko waliokaa kimya.

Dhana: Usingizi hauhusiki.

Unahusika sana. Katika utafiti wa mwaka 2007, amigdala za watu waliokesha saa 35 hivi zilishtushwa na picha mbaya kwa takriban asilimia 60 zaidi ya za waliolala.

Dhana: Jambo likipita, na msongo umepita.

Adrenalini huja mara moja, lakini homoni nyingine ya msongo, kotisoli, huenda polepole: hufikia kilele dakika 20 hadi 30 hivi tangu tukio lianze. Ukitoka kwenye kikao kigumu kifupi ukapokea simu ya nyumbani palepale, aliyekupigia anaweza kuangukiwa na ya kikao. Usipokee. Mpigie baadaye.