"Anakufanyia makusudi huyo!": dhana potofu kuhusu vituko vya watoto wadogo

Kijiko kimeanguka. Unainama, unakiokota, unakisuuza, unamrudishia. Anakutazama usoni, ananyoosha mkono nje ya kiti chake, anaachia vidole kimoja kimoja. Kijiko chini tena. Ni mara ya saba hiyo, na bakuli halijafika hata nusu. Aliyekaa pembeni hakosi kusema, "Anakufanyia makusudi huyo."

Maneno hayo nimeyasikia tangu nianze kulea, na kwa muda mrefu niliyaamini. Nina watoto wawili, wa kwanza ana miaka mitano na kitindamimba ana miaka miwili na nusu, na haipiti siku bila kitu kumwagika, kuvunjika au kuokotwa ndani ya kiatu. Nimesoma sana kuhusu umri huu kwa sababu nilitaka kuwaelewa. Kilichoniuma ni kuona kwamba mengi tunayoyaita ujeuri, uongo na ukaidi ni hatua za kawaida za kukua, na kwamba mtoto anaweza kuchapwa kwa kosa ambalo halimo kabisa kichwani mwake.

"Anatupa vitu ili akuchoshe"

Kusudi lipo, ila si la kukuchosha. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyezaliwa mwaka 1896, aliwachunguza kwa makini watoto wake mwenyewe watatu, akaandika jinsi mtoto anayekaribia au kuvuka mwaka mmoja anavyoangusha kitu kile kile tena na tena, akibadilisha mkono, urefu na upande, huku akifuatilia kinaangukia wapi. Kijiko kinalia kikigonga sakafu. Kitambaa hakilii. Mpira unarudi juu, mkate unabaki pale pale. Na mama huinama kila mara, jambo ambalo nalo anataka kuhakikisha kama litatokea tena.

Kinachonisaidia ni kumpa nafasi ya kuangusha baada ya kula: beseni, mpira, kijiko cha mbao, soksi iliyokunjwa. Mezani, kijiko kikianguka mara ya tatu kinabaki chini, namlisha kwa kingine. Hakuna haja ya kugombana.

"Sukari ndiyo inayowatia wazimu"

Hii imeshikiliwa kwa mikono miwili. Watoto wamekula keki, sasa wanakimbizana chumba hadi chumba, mmoja kavaa sufuria kichwani, mwingine anapiga mayowe bila sababu inayojulikana, na wakubwa wote wanaitupia keki jicho la lawama.

Mwaka 1995 Mark Wolraich na wenzake walichapisha katika jarida la kitabibu la JAMA uchambuzi wa tafiti 23. Katika tafiti hizo watoto walipewa sukari au kitu kitamu kisicho na sukari, na si mtoto, si mzazi, si mtafiti aliyejua nani kapewa kipi. Kwa jumla, sukari haikubadilisha tabia zao wala uwezo wao wa kufikiri.

Utafiti mwingine wa mwaka 1994, wa Daniel Hoover na Richard Milich, ndio ulionikalisha chini. Waliwachukua akina mama walioamini kwamba sukari huwavuruga watoto wao wa kiume wenye umri wa miaka 5 hadi 7. Watoto wote walipewa kinywaji kisicho na sukari, lakini nusu ya akina mama waliambiwa kwamba mtoto wao amekunywa sukari. Hao ndio waliosema watoto wao wamechangamka kupita kiasi. Walipotazamwa wakicheza nao, wakaonekana wakiwakaribia zaidi na kuwakosoa zaidi. Yaani mtoto hakubadilika, ila jicho la mama lilibadilika, na mkono na ulimi vikafuata.

Fujo ya sherehe ina sababu zake: wenzake kumi chumba kimoja, muziki, usingizi wa mchana ulioruka, nguo mpya zinazowasha. Sukari ipunguzwe, na sababu halali zipo. Inaharibu meno, na tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata katika chakula. Lakini tusiisingizie sufuria kichwani.

"Akijibwaga chini, usipomkomesha leo hutamweza kesho"

Hapa ndipo methali ya samaki mkunje angali mbichi hutolewa haraka haraka.

Juzi biskuti ilikatikia mkononi mwa binti yangu. Nikampa nyingine nzima, akaisukuma. Nikaviunganisha vile vipande viwili kwa vidole vyangu, akavitazama kwa matumaini, akavipokea, vikaachana. Hapo ndipo alipojitupa chini. Visigino vikapiga sakafu, kiatu kimoja kikaruka hadi chini ya kabati, kilio kikapanda mpaka sauti ikakatika. Hakuwa na njaa, wala hakuwa akinipima nguvu. Alitaka biskuti ile ile irudi kuwa nzima, na ilikuwa mara yake ya kwanza kugundua kwamba kuna vitu ambavyo mama hawezi kuvirudisha.

Mwaka 2003 Michael Potegal na Richard Davidson walichapisha uchunguzi uliokusanya maelezo ya wazazi wa watoto 335, wenye umri wa miezi 18 hadi 60, kuhusu namna hasira hizi zinavyokwenda. Robo tatu ziliisha ndani ya dakika tano. Dakika tano! Ukiwa umesimama kwenye foleni na macho yote yako kwako, unaweza kuapa kwamba ni nusu saa. Waliona pia kwamba mle ndani kuna mambo mawili: hasira, inayopanda mapema na kushuka, na huzuni, inayoendelea hadi mwisho. Ndiyo maana yule yule aliyekuwa anakupiga mateke huishia kunyoosha mikono umbebe. Wengi huona hayo ni kudeka, au ushindi wake juu yako. Ni huzuni iliyobaki baada ya hasira kuondoka.

Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotuwezesha kujizuia, hukomaa taratibu mpaka mtu anapovuka miaka 20. Mtoto wa miaka miwili hana breki hiyo bado. Hotuba ndefu katikati ya kilio haimfikii. Mimi huondoa kitu chochote kinachoweza kumuumiza, nakaa sakafuni karibu naye, nasema maneno machache tu: "Imekatika. Umesikitika. Nipo." Nilichokwisha kukikataza kinabaki kimekatazwa, maana kumtuliza si sawa na kumpa alichokuwa akikililia. Kama anajiumiza kila mara, au vilio ni virefu mno na vya kila saa, hapo amwone daktari.

"Mtoto anayedanganya akiwa mdogo ameshaharibika"

Ukuta wa sebule yetu una mstari wa buluu, unaanzia mlangoni na kuishia pale urefu wa mkono ulipoishia.

"Nani amechora hapa?"

"Paka."

Hatuna paka. Na mshtakiwa amekamata kalamu ya buluu.

Victoria Talwar na Kang Lee ni kati ya watafiti waliochunguza uongo wa watoto kwa njia rahisi. Mtoto anaambiwa asigeuke kuangalia kikaragosi kilicho nyuma yake, kisha anaachwa peke yake chumbani. Wengi hugeuka. Wakiulizwa, wengi wa wale wakubwa wakubwa hukana. Kisha wanaombwa wabahatishe nyuma yao kuna nini, na wadogo hutaja jina la kikaragosi bila kusita, papo hapo wakijifichua.

Ili udanganye, lazima kwanza ujue kwamba ninachokijua mimi si lazima uwe unakijua wewe. Hilo si jambo dogo. Heinz Wimmer na Josef Perner walionyesha mwaka 1983, kwa hadithi ya mvulana ambaye chokoleti yake ilihamishwa bila yeye kuona, kwamba watoto wa miaka mitatu hushindwa kuelewa kwamba mtu anaweza kuamini jambo lisilo la kweli. Karibu na miaka minne mlango huo huanza kufunguka, na uongo wa kwanza mara nyingi hupitia hapo hapo.

Sisemi tuusherehekee. Ila siku hizi siulizi swali ambalo jibu lake nalijua. Nasema, "Naona rangi ukutani, lete kitambaa tufute." Analeta kitambaa. Paka anasahaulika.

"Mcheleweshe kulala, kesho atachelewa kuamka"

Kwa watoto wengi wa umri huu haiendi hivyo: anaamka saa ile ile, akiwa na deni la usingizi. Mtoto aliyechoka kupita kiasi hazimiki kama taa. Huanza kurukaruka, kucheka ovyo, kulia kwa neno moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataja saa 11 hadi 14 kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka mitatu hadi minne, usingizi wa mchana ukiwemo.

"Amekikataa mara mbili, basi hakipendi"

Kuogopa chakula kigeni ni kawaida sana kuanzia miaka miwili. Tafiti zinaonyesha kwamba chakula kipya huenda kikahitaji kuonjwa mara 8 hadi 15 kabla hakijakubalika. Kukiweka mezani kidogo, bila kumbembeleza wala kumtishia, kunatosha. Akikitema leo, hilo nalo linahesabika kuwa ameonja.

"Homa hiyo ni meno tu"

Hii si ya kucheka. Kuota meno huleta mate mengi, fizi zinazouma, kutafuna kila kitu, pengine joto kupanda kidogo. Homa ya nyuzi 38 na kuendelea haisababishwi na meno. Itafutiwe chanzo, na kwa mtoto aliye chini ya miezi mitatu ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

"Mtoto akililia wembe, mpe"

Methali hii naipenda kwa sehemu moja. Karen Adolph na wenzake walipowahesabu watoto wa miezi 12 hadi 19 wakicheza kwa uhuru, walipata wastani wa hatua 2,368 na maanguko 17 kwa saa moja. Kwa saa moja! Wengi huinuka na kuendelea kabla mkubwa hajasema pole. Kuanguka kwa namna hiyo ndiko kunakomfundisha kutembea, na sina haja ya kumkimbilia kila mara. Kigari cha kutembelea, kile cha magurudumu anachokaa katikati, hakimharakishi. Kinampa mwendo wa kufika kwenye ngazi na jiko kabla hujageuka, na Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004.

Lakini kuna wembe usiotolewa hata alie vipi. Betri ndogo ya duara iliyo mfano wa kifungo, ile ya rimoti na midoli inayoimba, ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Ukihisi amemeza, nenda hospitali mara moja, usingoje itoke. Sumaku ndogo zenye nguvu ni hivyo hivyo. Na ndoo ya maji isiachwe wazi sakafuni, hata maji yakiwa kidogo.

"Anajificha katikati ya chumba, hajapata akili bado"

Binti yangu hujificha kwa kusimama wima mbele ya kochi na kufunika macho kwa viganja viwili. "Sipo!" Nilidhani anaamini kwamba giza lake ni giza la dunia nzima.

Henrike Moll na mwenzake waliwakalisha watoto wadogo mbele ya mtu mzima aliyefunika macho, kisha masikio, kisha mdomo. Watoto walisema huyo aliyefunika macho hawawezi kumwona, wa masikio hawawezi kumsikia, na wa mdomo hawawezi kumsemesha. Walikuwa wanamwangalia! James Russell na wenzake nao, mwaka 2012, waliona kwamba mtoto hukubali kabisa kwamba kichwa na mwili wake vinaonekana, ila yeye mwenyewe haonekani. Kwa mtoto, kuonana ni kwa wawili. Macho yako yasipokutana na yangu, bado hujaniona mimi, umeona nywele na gauni tu.

Kwa hiyo namtafuta. Naangalia nyuma ya mlango, chini ya meza, ndani ya kapu la nguo, nikiuliza kila mahali kwa sauti. Kaka yake, ambaye sasa anajua kujificha mwili mzima, anabana kicheko nyuma ya pazia. Binti yangu anaondoa kiganja kimoja, ananichungulia, anakirudisha haraka kabla sijamwona.