Adhabu ya kutoroka mechi, na kwa nini haisikilizi udhuru

Ukicheza gemu ya timu kwenye intaneti ukatoka kabla mechi haijaisha, seva (kompyuta inayoendesha gemu) hukuandika kuwa mtoro na kukufungia mlango kwa muda. Hiyo ndiyo adhabu ya kutoroka. Pengine utangojeshwa dakika chache, pengine utakatwa pointi za ranki, yaani daraja lako kati ya wachezaji, na ukizidi akaunti husimamishwa kwa siku kadhaa.

Shida ni nafasi unayoiacha wazi. Tuchukue World of Warcraft. Mapango yake ya kawaida huingiwa na watu watano: mmoja hujitanguliza apigwe yeye, mmoja huwatibu wenzake, watatu hushambulia. Mtabibu akijiondoa katikati, wanne waliobaki husimama tu wakingoja aletwe mwingine. Zamani wachezaji walitafutana wenyewe, na mtoro alijulikana katika seva yake. Disemba 2009 gemu hiyo ilileta mtambo wa kukusanya watu kutoka seva mbalimbali, na sasa waweza kucheza na mtu ambaye hutakutana naye tena. Aibu ikakosa kazi. Anayetoroka hubandikwa alama ya utoro, na kwa kawaida hawezi kupanga foleni tena mpaka dakika 30 ziishe.

Dhumna ya wawili wawili kwenye baraza zetu hapa Mombasa haihitaji kanuni kama hiyo. Inuka katikati ya mchezo umwache mwenzio peke yake, kesho utapita pale pale na utaulizwa mbele za watu. Seva haina kesho ya namna hiyo, basi inatumia saa.

Lakini saa haijui umetoka kwa nini. Aliyekasirika kwa sababu timu inapigwa, aliyeitwa na mamake, na yule wa Kisauni aliyepotelewa na stima ghafla, wote watatu seva inawaona wamoja: hawapo. Ndiyo maana gemu nyingi hukupa muda wa kurudi kabla hujahesabiwa mtoro, na adhabu hupanda kwa ngazi. Katika Counter-Strike: Global Offensive ngazi zilikuwa dakika 30, saa 2, saa 24, kisha siku 7, na ukikaa wiki nzima bila kosa ulikuwa ukishushwa ngazi moja. Mimi naona akili ya mfumo iko hapo. Haujaribu kusoma moyo wa mtu, unahesabu mazoea yake. Stima hupotea mara moja moja (mitaa mingine tuiache), ila mwenye hasira hutoka kila akizidiwa.

Dota 2 sijaielewa vizuri busara yake. Mtoro hupelekwa foleni ya chini, wala hatoki huko mpaka ashinde mechi kadhaa, na anaopangiwa nao ni waliopelekwa huko kama yeye. Aliyeponzwa na mtandao anajikuta anatafuta ushindi pamoja na watu ambao kukimbia ndiyo ada yao. League of Legends imewafikiria zaidi walioachwa: mwenzao akikosekana mwanzoni kabisa, wanaweza kupiga kura mechi ivunjwe, na wao wasihesabiwe kuwa wameshindwa. Gharama inamwangukia aliyekosekana.

Kwetu pwani kuna la ziada. Nyaya za chini ya bahari hutua hapa hapa Mombasa, lakini gemu zenyewe hazikai hapa. Seva za Dota 2 zilizo jirani nasi ziko Johannesburg na Dubai. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika, intaneti ikazorota Afrika Mashariki karibu yote. Siku kama hiyo mtu anaweza kupigwa adhabu akiwa amekaa kitini pake, mkono uko kwenye kipanya.

Na kuna wanaodhani dawa ni kubaki ndani bila kucheza. Gemu nyingi humtambua mchezaji asiyesogea na kumhesabu mtoro vile vile, mbali na wenzako ambao wana kitufe cha kuripoti. Afadhali kuangalia tokeni za stima na bando la akiba kwenye simu kabla hujaingia mechi ya ranki. Kama una shaka, cheza dhidi ya kompyuta, ambako ukitoka ghafla hakuna mtu aliyekuwa akikutegemea.