Je, wajua kwa nini masikio ya pochi ya paka huwa vinundu?

Pochi ndogo yenye uso wa paka inaonekana kazi ya mchana mmoja: duara, masikio mawili, zipu, basi. Ukishaipindua unakuta masikio yamekuwa vinundu kama vichwa vya njiti za kiberiti, na kidevu kimeota pembe ambazo hazikuwamo kwenye mchoro. Mara nyingi mshono wenyewe hauna kosa. Tatizo ni kitambaa kilichobaki nje yake, ambacho sasa kimejificha ndani.

Chukua sikio lenye pembe ya nyuzi 60. Ukishona sm 1 kutoka ukingoni, kati ya ncha ya mshono na ncha ya kitambaa hubaki sm 2 kamili. Kona ya mraba ingebakiza sm 1.4 tu, sikio jembamba la nyuzi 40 hubakiza karibu sm 3. Mabaki hayo yapo kwenye kipande cha mbele na cha nyuma pia, na ukipindua yote hujikunja na kujazana ndani ya sikio ambalo, sm 1 chini ya ncha, lina upana wa mm 11 hivi. Yataenea wapi? Ndiyo maana sikio refu na jembamba la sungura humsumbua mshonaji kuliko la paka.

Kidevu nacho kina hesabu yake. Mshono wa robo duara wenye nusukipenyo cha sm 7 una ukingo wa kitambaa, sm 1 nje yake, wa sm 12.6. Ukingo huo ukigeuzwa ndani hupata nafasi ya sm 9.4. Sentimita 3 zinazozidi hujikunja zenyewe, na kila mkunjo huonekana nje kama pembe.

Sasa kazi yenyewe. Kwa uso wa upana wa sm 16 na kimo cha sm 13, wenye masikio ya kimo cha sm 4 na kitako cha sm 4.6, kitenge cha sm 25 kwa 50 kinatosha. Tafuta bitana nyepesi ya ukubwa huohuo, zipu ya nailoni ya sm 20, na kile kitambaa kigumu chenye gundi ambacho mafundi hukibandika kwa pasi ndani ya kola. Pande za sikio zimekatwa mshazari, kwa hiyo huvutika. Kitambaa hicho cha gundi ndicho kinachozizuia. Lakini kikate kwenye mstari wa mshono, bila ile sm 1 ya ziada, la sivyo unakuwa umeongeza unene palepale ulipotaka kuupunguza.

Macho, pua na masharubu hutariziwa mapema, kipande cha mbele kikiwa bado bapa. Pochi ikiwa ya mtoto mdogo, usiweke vifungo vya macho. Hung'oka na kuishia mdomoni.

Zipu hukaa mgongoni, masikio yasiguswe. Kata vipande viwili vya upana wa sm 20, kimoja cha kimo cha sm 14 na kingine sm 10. Kwa kila kimoja, kunja sm 1 ya ukingo mmoja mrefu, piga pasi, laza mkunjo juu ya utepe wa zipu kisha shona. Ndipo ulaze kiolezo juu yake, zipu ikipita penye upana mkubwa wa uso, ukate. Kabla ya mkasi, vuta kichwa cha zipu hadi katikati. Kikibaki pembeni, utakikata pamoja na kipande kinachotupwa, na zipu haitafungika tena. Kukiacha katikati kunasaidia pia baadaye: zipu iliyofungwa yote haina pa kupindulia pochi.

Kutanisha vipande uso kwa uso, piga bandi (mshono wa muda wa kushikiza), kisha shona kuzunguka kwa hatua za mm 2.5. Ukibakiza sm 2 kufika ncha ya sikio, punguza hadi mm 1.5. Penye ncha usigeuke papo hapo: acha sindano imezama, inua mguu wa cherehani, geuza kidogo, shona hatua mbili za kukatiza ncha, kisha ugeuze tena. Ncha iliyokatizwa hivyo huonekana kali zaidi kuliko iliyoshonwa kali, kwa kuwa imeacha nafasi ndani. Asiye na cherehani arudishe sindano nyuma kila hatua. Bandi tupu huachia sikio likisukumwa.

Kisha mkasi. Kata ncha mm 3 juu ya mshono, halafu punguza pande zote mbili kimshazari. Ukishuka chini ya mm 2, nyuzi za kitenge hufumuka na tundu hutokea. Pale sikio linapokutana na kichwa, piga chale moja inayoishia mm 2 kabla ya mshono, maana hapo kitambaa kinahitaji kufunguka, si kupungua. Kwenye kidevu na mashavu punguza ukingo hadi mm 5, ukitoa vipande vidogo vya pembetatu kila baada ya sm 1. Pindua, sukuma masikio kwa kitu butu kama mpini wa brashi (ncha ya mkasi itatoboa), lowesha kidogo, piga pasi.

Bitana ishonwe kama mfuko wake wenyewe, usio na masikio: unene hupungua, na sarafu hazipotelei humo. Mgongo wake uwe vipande viwili vyenye kingo zilizokunjwa, viache mwanya wa zipu. Ingiza mfuko ndani, shona kingo hizo kwa mkono kwenye utepe, mm 3 kutoka kwenye meno. Ikikaribia zaidi ya hapo, kichwa cha zipu kitaitafuna bitana kila kinapopita.