Masomo ya jumla Texas: usichukue lolote ili mradi rahisi

Wengi wanaoanza shahada Marekani, wakiwemo vijana wetu waliotoka Afrika Mashariki, huambiwa kuwa masomo ya jumla, yale ya lazima kwa kila mwanafunzi wa fani yoyote, ni ya kujaza ratiba tu, basi chagua lililo rahisi. Ushauri huu unawagharimu ada na muda.

Vyuo vya umma vya Texas hudai krediti (vipimo vya uzito wa somo) 42 za masomo hayo, katika shahada ambayo kwa kawaida ina krediti 120. Mgawanyo umewekwa: mawasiliano 6, hisabati 3, sayansi asilia 6, historia ya Marekani 6, serikali na siasa 6. Zilizobaki 15 ni za sanaa, falsafa, sayansi ya jamii na kadhalika.

Wanakokwama hasa ni hisabati. MATH 1332, somo la hisabati ya matumizi ya kawaida, inatosheleza sharti la jumla, lakini mwanafunzi wa uhandisi haimfikishi popote. Fani yake inadai kalkulasi, MATH 2413, ambayo yenyewe ingetimiza sharti lilelile. Kama bado hajaiva kwa kalkulasi, heri aanze na aljebra, MATH 1314, maana iko njiani kuelekea huko. Kwa hiyo fungua kwanza mpango wa fani yako, ndipo ujisajili.

Unafikiria kuhama chuo? Ukikamilisha zote 42, chuo kingine cha umma cha Texas lazima kizipokee kwa mkupuo. Ukihama kabla, utamalizia kwa masharti ya chuo kipya.