Nyumba mpya zikija jirani: uliza maji na magari vitapita wapi

Mkutano ulifanyika Januari chini ya mwembe, hatua chache kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam–Bagamoyo. Mshauri wa mradi alitandaza mchoro mezani: nyumba, maduka, bustani, njia za ndani. Mzee mmoja aliyenyamaza tangu mwanzo akanyoosha mkongojo kuelekea kwenye nyasi kavu. "Mwanangu, hapo unapotaka kuweka geti, mwezi wa nne tunavua kambare."

Jambo hilo halikuwemo kwenye ripoti ya mazingira ya mradi. Waliopima walikuja kiangazi, wakaona uwanda mzuri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inapodai wananchi wasikilizwe wakati wa tathmini ya athari kwa mazingira, inatafuta habari kama hiyo ya kambare.

Kuanzia Mapinga, Kerege, Zinga hadi Kiromo, mashamba ya minazi na mikorosho yanageuka viwanja. Katika mikutano ya namna hii nasikia hofu mbili kila mara, foleni na maji. Nianze na maji, kwa sababu watu wengi huyaogopa bila kuyapigia hesabu.

Mvua ya milimita moja ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua paa la mita za mraba 150 na mvua ya milimita 50, kiasi ambacho masika haishindwi kukimwaga kwa siku moja. Hizo ni lita 7,500. Mradi ukiwa na nyumba 200, ni lita 1,500,000 kutoka mapaani tu, kabla hujagusa pevingi za uani na lami ya njia za ndani. Zamani maji hayo yalizama mchangani chini ya minazi, na yaliyobaki yakalala bondeni siku mbili tatu. Bonde likijazwa kifusi yanashuka yote kwa pamoja, na njia yao ya mkato mara nyingi ni uani kwa jirani.

Yakishuka hayaendi peke yake. Greda likishakwangua majani, mvua ya kwanza inabeba udongo hadi kwenye mikoko. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, hupumua kwa vile vijiti vinavyochomoza topeni. Vikifukiwa, mti unakauka umesimama. Kamba wadogo hukulia humo mikokoni, kwa hiyo mvuvi wa Mlingotini ana haki ya kuuliza kuhusu nyumba zinazojengwa mbali na ngalawa yake. Sheria hiyohiyo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lakini udongo uliosombwa haujui mita 60. Na kama majirani wanakunywa maji ya visima vifupi, ulizeni mashimo ya maji taka yatachimbwa wapi na kwa kina gani.

Nisiwapake wakazi mafuta: mara nyingine mkondo uliozibika ulizibwa na ukuta wetu wenyewe, miaka kabla mwekezaji hajafika. Hilo nalo lisemwe mkutanoni.

Sasa magari. Nyumba 200 zikitoa gari mojamoja kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi, ni gari moja kila sekunde 18, na zote zinapita geti moja. Mtoto anayevuka kwenda shule hutumia sekunde saba hadi kumi, na bado kuna magari yaliyokuwa barabarani tangu mwanzo. Kuunganisha njia mpya na barabara kuu kunahitaji idhini ya TANROADS, wakala wa serikali wa barabara kuu. Barabara za vijijini na mitaani ziko chini ya wakala mwingine, TARURA. Ulizeni barua za idhini zipo au bado. Ulizeni mageti ni mangapi, daladala zitasimama wapi, bodaboda zitaegesha wapi. Washauri wengi huhesabu magari binafsi na kuisahau bodaboda, kana kwamba wapangaji na wafanyakazi wa ndani watakuja kwa kupaa. Halafu kuna malori ya mchanga na kokoto, ambayo yatapita kwenu muda wote wa ujenzi, kabla mkazi wa kwanza hajahamia.

"Tunaogopa mafuriko" ni kauli ya kweli, ila anayepitia ripoti hana pa kuishika. Mwambieni: Aprili mwaka fulani maji yalifika ngazi ya pili ya duka, yalitokea upande ule, yalikaa siku tatu. Wekeni picha za simu zenye tarehe. Kwa ushahidi huo anaweza kudai bwawa la kupokea maji, mtaro mpana zaidi, au geti lihamishwe. Maoni yaandikwe, yapelekwe kwa mtendaji na kwa mamlaka inayopitia ripoti, nanyi mbaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Wengi hukataa kusaini karatasi ya mahudhurio wakidhani wamekubali mradi. Kusaini mahudhurio ni kuthibitisha kwamba ulikuwepo. Soma kichwa cha karatasi. Kama kimeandikwa "tumeridhia", hapo ndipo ukatae.

Mradi ukipitishwa, cheti cha mazingira hutoka na masharti yake, yakiwemo ya maji ya mvua na udongo. Nendeni kwa afisa mazingira wa halmashauri mkayaulize, na mwende kabla greda halijashushwa kwenye lori.