Alama Zimeshuka. Nani Kazishusha?

Mwezi huu nimeletewa tena rasimu ya ripoti yenye hoja ileile: watoto walipimwa mradi ulipoanza, wakapimwa ulipoisha, wastani wa alama za matatizo ukashuka, basi mradi wa msaada wa kisaikolojia na kijamii umefaulu. Hoja hiyo nimeisoma kwenye ripoti za kambi za wakimbizi za mkoa wa Kigoma, Tanzania: za Nyarugusu, za Nduta, na za Mtendeli kabla kambi hiyo haijafungwa mwaka 2021. Waandishi tofauti, wafadhili tofauti, na kila mara inapita kwa sababu namba zinapendeza. Imenichosha. Naandika kwa wenzangu wa ufuatiliaji na tathmini, na kwa maofisa wa programu wanaotuita wiki mbili kabla ya mradi kufungwa.

Chukua mtoto wa Kirundi aliyefika Nduta mwishoni mwa 2015, kambi ilipofunguliwa upya. Ametembea usiku, amelala kwenye hema la pamoja na familia asizozijua, hajui bomba liko wapi. Tukamfuata na dodoso akiwa katika hali hiyo, tukayaita majibu yake takwimu za awali. Baada ya miezi sita ana kibanda, ana darasa, mama yake ana kadi ya mgao, na ameshajua nani ni nani kwenye klasta yao, yaani kundi la vibanda jirani. Alama zake zimeshuka, ndiyo. Zingeshuka hata kama kituo rafiki kwa watoto, mahali salama pa kuchezea na kujifunzia, kisingejengwa. Mwongozo wa IASC, kamati ya mashirika ya misaada ya kibinadamu, wa 2007, ambao sote tunaunukuu kwenye maandiko ya miradi, umesimama juu ya jambo hilohilo: watoto walio wengi hurudi katika hali yao wakipata usalama, familia, shule na utaratibu wa kila siku, na ni wachache wanaohitaji huduma ya kitaalamu iliyoko kwenye ncha ya piramidi ya huduma. Haifai tulifundishe hilo kwenye semina, kisha tukifika kwenye ripoti tuandike kwamba nafuu yote imeletwa na sisi.

Tuje kwenye dodoso lenyewe. Linalotumika sana ni SDQ ya Robert Goodman, dodoso la uwezo na matatizo ya mtoto, la mwaka 1997, maswali 25, matatizo yakijumlishwa hadi alama 40. Sina ugomvi nalo. Ni fupi, na limejaribiwa katika nchi nyingi. Ugomvi wangu ni na anayesoma jumla bila kurudi kwenye swali mojamoja. Swali la kuumwa kichwa na tumbo mara kwa mara linahesabiwa upande wa hisia. Hapa ni Kigoma, malaria ipo. Ukikusanya takwimu za awali Februari mvua zikiwa zimeshika, na za mwisho ukazikusanya Agosti, sehemu ya nafuu unayoisherehekea imeletwa na kiangazi. Kuna swali la kuwa na rafiki wa karibu hata mmoja. Aliyefika juzi hana. Baada ya nusu mwaka anaye, kwa kuwa watoto wakikaa pamoja hujuana.

Lakini linaloniudhi zaidi ni jinsi swali la woga linavyosomwa. Niliwahi kukaa pembeni binti wa miaka kama kumi na mmoja akihojiwa. Alipoulizwa kama ana woga mwingi na hutishika kwa urahisi, akajibu kweli kabisa. Mhojaji akazungushia 2, alama ya juu kabisa ya swali, akaenda swali linalofuata. Walipomaliza nikamwomba arudi amuulize anaogopa nini. Akasema anaogopa siku ya kuni. Mama yake hutoka nje ya kambi kutafuta kuni, na mwanamke mmoja wa klasta yao alishavamiwa huko. Siku hiyo binti hali chakula mpaka mama arudi.

Woga huo una siku yake na una njia yake. Ni akili timamu ya mtoto anayejua mahali anapoishi, nasi tumeuingiza kwenye safu ya matatizo ya kihisia. Sasa tuseme kituo kimemfundisha kuvuta pumzi, kuchora na kuimba, na mwisho wa mradi anajibu kwamba haogopi sana. Njia ya kuni ni ileile. Tumempunguzia woga wa hatari ambayo ingali pale, halafu tunaiita athari chanya. Tuseme pia kwamba shirika jingine limeleta majiko na nishati mbadala, mama hatoki tena. Alama itashuka, na sifa itaandikwa kwenye ripoti yetu. Wastani wa alama hauwezi kukuonyesha kipi kati ya hivyo viwili kimetokea. Itabidi umuulize mtoto.

La mhojaji nitalipitia haraka kwa sababu halihitaji utaalamu. Mwezeshaji wa kituo asimhoji mtoto wa kituo chake. Mtoto anamwita dada au kaka, anajua kwamba posho ya dada inatoka kwenye mradi, na anataka mpira ubaki. Atajibu vizuri. Hata mimi ningejibu vizuri.

La nani amepimwa ni kubwa zaidi. Tunawapima waliobaki. Wanaobaki kituoni ni wale wenye nafasi ya kubaki, nao kwa kawaida ndio waliokuwa na nafuu tangu mwanzo. Msichana wa miaka 13 mwenye mdogo wake mgongoni na ndoo mbili kwenye foleni ya maji haji. Mtoto mwenye ulemavu ambaye njia ya kwenda kituoni inajaa tope haji. Mvulana aliyeajiriwa kulima mashamba ya vijiji jirani haji. Hawamo kwenye takwimu za mwisho, na mara nyingi hata rejista haionyeshi kwamba hawamo. Nimeona rejista ambayo jina la mtoto mmoja limeandikwa mara tatu siku moja, kwenye mpira, uchoraji na hadithi. Kwenye ripoti alihesabika kama wanufaika watatu. Aliyeijaza hakuwa na nia mbaya. Fomu ilimtaka ahesabu mahudhurio kwa kila shughuli, na ofisi ikajumlisha kama watoto.

Mtaniambia niweke kundi linganishi, yaani watoto wasiopata huduma ambao nao wanapimwa. Nakubali, na hapo ndipo mashaka yangu mwenyewe yanapoanza. Kumwambia mzazi wa zoni moja ya kambi kwamba kituo chake kitafunguliwa mwakani ili sisi tupate kulinganisha ni jambo gumu, na halijawahi kunikaa sawa. Njia ninayoweza kuitetea ni kutumia foleni ambayo ipo tayari. Kama fedha za mwaka wa kwanza zinatosha zoni tatu, basi zile zinazosubiri zipimwe pia, na wazazi waelezwe wazi. Hata hivyo watoto wa zoni jirani huvuka na kuja kucheza, na hakuna mwezeshaji mwenye moyo atakayewafukuza. Ulinganisho unachafuka. Nauandika hivyohivyo, umechafuka.

Shirika la World Vision na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani waliwahi kuifanya kazi hii kwa umakini katika nchi kadhaa. Mojawapo ilikuwa Uganda, kwenye makazi ya Rwamwanja, kwa watoto waliotoka Kongo. Walifuatilia wanaohudhuria na wasiohudhuria, na baadaye wakarudi. Manufaa yalionekana mwanzoni, na ubora wa kituo ulikuwa na uzito wake. Walipowafuatilia tena muda mrefu baadaye, tofauti ilikuwa imefifia. Wako wanaoyasoma matokeo hayo kama aibu, nami siwaelewi. Kumshika mtoto asizame katika miezi ile ya kwanza ni kazi kubwa na inafaa kulipiwa. Tuseme basi kwamba hilo ndilo tunaloahidi, na tuache kuahidi ustawi wa maisha yote.

Kwa upande wa ulinzi wa mtoto kosa linageuka. Huko mashauri ya ukatili yakiongezeka, mfadhili anauliza kwa nini mradi unashindwa. Mashauri yanayoripotiwa na ukatili unaotendeka ni vitu viwili. Kamati ya ulinzi wa mtoto ikianza kuaminiwa, na afisa ustawi akijulikana kwamba hatoi siri, watu wanajitokeza na namba inapanda. Ikishuka ghafla mimi ndiyo nashtuka. Huenda mtu mmoja aliyeaminiwa ameondoka, au familia iliyoripoti imetishwa. Kwa hiyo sianzi na idadi. Nasoma faili. Nani alileta habari, mtoto mwenyewe au jirani? Zilipita siku ngapi kabla hajatembelewa? Shauri lilifungwa kwa sababu gani? Tangu kurejea Burundi kwa hiari kulipoanza Septemba 2017, kuna mashauri yanayofungwa kwa sababu familia imerejea, na kwenye jedwali yanakaa safu moja na yale ambayo mtoto amepata usalama. Kama tathmini ya maslahi bora ya mtoto ilifanyika kabla hajapanda basi, iandikwe. Kama haikufanyika, shauri hilo halijakamilika.

Kuna shaka moja nimeishi nayo tangu 2023, mgao wa chakula uliposhuka hadi nusu. Sijui tena ni kiasi gani cha ninachokipima ni kazi ya vituo na ni kiasi gani ni njaa. Nikihoji siku chache baada ya mgao napata watoto wa aina moja. Nikihoji siku za mwisho wa mwezi napata wengine, na ni walewale. Siku hizi naandika tarehe ya mgao juu ya kila dodoso, kama ninavyoandika umri, na nakataa kulinganisha wiki zisizolingana. Wakubwa wananiambia nachelewesha kazi.

Ninachokiomba sasa kwenye kila bajeti ni kurudi mwaka mmoja baada ya mradi kufungwa, na wahojaji wasio wa kituo, tuwatafute watoto wa rejista ya kwanza wakiwemo walioacha wiki ya pili. Ni siku chache za posho na mafuta ya gari moja. Mpaka leo ndio mstari unaokatwa wa kwanza, kwa maelezo kwamba mradi ukishafungwa hakuna akaunti ya kulipia.