Mwasumini haususi kwa kukatwa

"Mwasumini usiutie mkasi, utasusa kuchanua." Kauli hii tumekua nayo Unguja, na matokeo yake ni vichaka uani: majani tele, asumini za kutosha kikuba kimoja, kile kishada cha maua ya kunukia, huzipati.

Ukweli ni kinyume. Ua la asumini hutoka kwenye ncha ya chipukizi jipya. Tawi kuukuu lililokomaa halichanui mpaka lichipue tena, na mkasi ndio unaolichipuza. Mkupuo wa maua ukishapita, punguza matawi kwa kiasi cha thuluthi moja, ukikata juu kidogo ya kifundo cha majani. Yaliyokauka yatoe kabisa. Tia samadi iliyooza, na umwagilie, maana mchanga wetu wa pwani haushiki maji. Mimi hukata masika yakikaribia, mvua inimalizie kazi. Wiki za mwanzo mti utaonekana kama umenyonyolewa, usishtuke.

Hofu hiyo ina haki kwa miti mingine. Haidranjea ya majani mapana, ua la nchi za baridi, huchanua zaidi kwenye matawi ya mwaka uliopita. Ukiyakata majira ya baridi, umetupa maua ya msimu mzima.